Mtu na Mbwa Wake Waingie Mlango Mmoja

Maneno haya niliyasema Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mkutano wa wakazi na kamati ya maafa, mvua zikiwa zinakaribia. Waliokosa nafasi ya kufika waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, isipokuwa pale nilipojirudia.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mtendaji wetu, masheikh na wachungaji, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana wa mwaloni mliofunga biashara mapema mje kunisikiliza: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye!

Wengi hapa mnanijua. Nimewachanjia kuku wenu, nimewazalishia ng'ombe usiku wa manane, na wengine mlinikimbia na mbwa zenu nilipokuja na sindano. Zaidi ya miaka thelathini nimefanya kazi ya mifugo katika mkoa huu, na sasa nimestaafu. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze juu ya mifugo wakati wa maafa, nilikubali kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa kuna jambo nimelibeba moyoni miaka kadhaa na nilikuwa sijapata mahali pa kulitua.

Mnakumbuka miaka ile ziwa lilipoanza kupanda, kuanzia 2020 na kuendelea. Kibirizi maji yaliingia mpaka kwenye vichanja vya dagaa, Katonga watu wakaanza kuhesabu nyumba zilizobaki. Katika kipindi hicho wakazi wa nyumba za chini walihamishiwa kwenye shule moja, madarasa yakageuzwa mabweni. Shule siitaji. Mimi nilikuwepo pale getini siku ya kwanza, nikisaidia kuandika majina.

Akaja bibi mmoja, mtu mzima sana, khanga yake imelowa mpaka kiunoni. Kichwani ana godoro limekunjwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkono wa kulia ameshika sufuria yenye vijiko ndani, vinagongana kila akipiga hatua. Mkono wa kushoto ameshika upindo wa khanga kuukuu uliosokotwa kama kamba, na mwisho wa kamba ile kuna mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, anatetemeka. Mbwa yule aliitwa Watasema. Kijana aliyekuwa analinda geti akamwambia, "Bibi, wewe pita. Huyo abaki." Bibi akamuuliza, abaki wapi? Kijana akanyoosha kidole barabarani.

Bibi hakugomba. Alisimama kidogo, akamtazama mbwa, akatutazama sisi tuliokaa mezani. Kisha akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa anaamka nikikohoa." Akageuka, na sauti ya vijiko ikaenda inapungua mpaka sikuisikia tena.

Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Mimi ndiye mtu pekee pale mezani niliyejua kwamba mbwa yule amechanjwa, kwa sababu nilimchanja mwenyewe. Sikusema neno. Niliandika jina la mtu aliyefuata.

Siku ya tatu vijana wa mtumbwi walimkuta bibi ndani ya nyumba yake, amekaa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, maji yakiwa chini ya chaga, mbwa mapajani. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeshalala. Mnajua tofali mbichi likishalowa kwenye msingi, nyumba haikupi taarifa. Walimtoa salama, namshukuru Mungu, lakini alitoka kwa sababu mmoja wa wale vijana alikubali kumpakia na mbwa. Asingekubali, bibi asingetoka. Aliwaambia hivyo wazi.

Sasa ndugu zangu, kuna watu watasema: huyo ni mzee mmoja mwenye mapenzi yaliyopitiliza. Nawaambia si mmoja. Mwaka 2005 kule Marekani kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, watu wengi hawakutoka majumbani kwa sababu waliambiwa mnyama haruhusiwi kwenye basi wala kwenye makazi. Habari zilizoenea nchi nzima zilikuwa za mtoto mdogo aliyenyang'anywa mbwa wake mweupe aitwaye Snowball wakati wa kupanda basi, akalia mpaka akatapika. Taifa tajiri namna ile, lenye helikopta na maboti, likashindwa kuwaondoa baadhi ya watu wake kwenye maji kwa sababu ya amri ya getini. Mwaka uliofuata, 2006, walipitisha sheria inayotaka mipango ya uokoaji ya majimbo na miji iwahesabu pia watu wenye wanyama wa nyumbani. Wajapani nao walijifunza kwa uchungu. Baada ya tetemeko na ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, watu waliondolewa haraka wakiamini watarudi baada ya siku chache, wakaacha mbwa na paka wamefungwa. Wengi hawakurudi haraka hivyo. Mwaka 2013 wizara yao ya mazingira ikatoa mwongozo: mtu anapokimbia, akimbie pamoja na mnyama wake.

Hawa nimewataja ili muone kwamba moyo wa yule bibi wa Katonga na moyo wa mtoto wa New Orleans ni mmoja. Lakini sababu zetu sisi ni zaidi ya mapenzi. Mbwa wa Kigoma ana kazi. Mwenye mtumbwi akienda ziwani usiku kuvua dagaa, anayebaki kulinda mke, watoto na injini ya akiba ni mbwa. Paka analinda magunia ya dagaa na mahindi dhidi ya panya. Kuku watano wa mama mjane ni ada ya shule, ni dawa ya mtoto, ni nauli ya kwenda msibani. Ukimwambia mama aingie kambini aache kuku, umemwambia aache akiba yake yote juu ya maji.

Tena kuna jambo la ziwa lenyewe, na hili nawaomba mlishike. Ziwa Tanganyika lina mdomo mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, kule Kalemie, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kunyonywa na jua. Lakini yanayoingia yanatoka kila upande: Malagarasi huku kwetu, Ruzizi kule kaskazini, na vijito visivyo na idadi vinavyoteremka milimani. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, linajaa, na likishajaa halipungui wiki ijayo. Maji ya mto yanakuja na kelele, yanavunja, yanapita. Ya ziwa yanapanda kidole kwa kidole, yakifika yanakaa miezi, mahali pengine miaka. Wenzetu waliohama hapa wanalijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo yule anayesema "muachie mbwa ugali wa siku mbili, utarudi kumchukua," hajui ziwa. Hakuna siku mbili. Mbwa aliyeachwa atakula ule ugali, kisha atakula alichokuta jalalani, kisha atajiunga na wenzake walioachwa kama yeye. Baada ya wiki tatu mtakuwa na kundi la mbwa wenye njaa, hawana mwenyewe, hawana chanjo, wanazunguka nje ya kambi usiku wakifuata harufu ya jiko. Na mtoto anayetoka kwenda chooni saa nane za usiku ndiye atakayekutana nao.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana najua hofu kubwa ya kamati ni kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ni ya haki. Nimemwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa anaomba maji, akiletewa kikombe koo linakaza, anakitupa, na akili yake bado iko, anamtambua mama yake. Dalili zikishaanza, ni kifo. Hospitali inaweza kumtuliza tu. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani, 99 kwa kila 100, waliupata kwa mbwa. Lakini sikilizeni upande wa pili: ugonjwa huu unazuilika kwa sindano moja ya mwaka. Mkichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo lenu, na mkarudia kila mwaka, virusi vinakosa pa kupita. Basi mbwa wa kuogopa ni yupi? Ni yule mliyemfungia geti, ambaye hamjui alipo wala kama amechanjwa, au ni huyu aliyefungwa kamba kwenye banda, mwenye namba, ambaye mwenyewe analala hatua hamsini kutoka alipo?

Na kwa sababu nimeshalitaja, nisipite bila kusema: mtu akiumwa na mbwa, kambini au popote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Si kumwagia maji mara moja na kufunga kitambaa. Msipake mafuta ya mawese, msipake majivu, msipake pilipili. Osha dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Nakuja kwenye jambo la pili ambalo watu wanalinong'ona lakini hawalisemi mkutanoni, nami nalisema kwa heshima zote. Ujiji ni mji wa Waislamu. Kuna watu wema hapa ambao hawawezi kulala chumba kimoja na mbwa, nguo yake ikiguswa na mate ya mbwa lazima aitwaharishe kabla ya kuswali. Haki yao ni haki. Mimi nilimwendea mmoja wa masheikh zetu, nikamweleza ninachotaka kukisema leo. Akaniambia mbwa wa ulinzi na wa mifugo ameruhusiwa kufugwa, na kumhurumia kiumbe mwenye kiu kuna ujira, kisha akanikumbusha habari ya mtu aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Lakini, akasema, mtuwekee mpaka: mbali na mahali pa swala, mbali na vyombo, mbali na maji ya kutawadhia. Nikamwambia sheikh, hayo uliyoyataja ndiyo yaleyale bwana afya angeyataka. Kwa hiyo sijaja hapa kuomba mbwa alale darasani. Naomba apite geti lilelile, alale uwanja uleule, kwenye banda lake.

Banda lenyewe si jambo la wafadhili. Nguzo sita za mti, turubai moja, kamba ya katani iliyonyooshwa kati ya vigingi, na kila mbwa afungwe kwa nafasi ambayo hawezi kumfikia mwenzake. Nafasi hiyo msiibanie, kwa kuwa mbwa mpole wa nyumbani akikaa katikati ya mbwa wageni na makelele atauma, na ataanza kumuuma anayempenda. Banda liwe upande ambao upepo hautoi harufu kuelekea jikoni, na liwe kwenye mteremko chini ya kisima au tangi, kamwe lisiwe juu yake, maana mvua itanyesha na uchafu utateremka. Kila mwenye mbwa azoe kinyesi chake asubuhi na kukifukia. Kulisha pia ni mara mbili kwa saa zinazojulikana, mwenyewe akiwepo, kisha chombo kinaondolewa. Ukoko wa ugali wa muhogo na vichwa vya dagaa vinamtosha mbwa wetu. Watoto wasiingie bila mtu mzima, hata kama mbwa ni wa kwao.

Na namba. Hili ndilo ningeomba mlianze kabla ya mengine yote, kwa kuwa halina gharama. Mtu akiandikishwa mezani namba 47, mbwa wake anapewa 47 palepale, inaandikwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe, inashonwa kwenye kamba ya shingoni. Daftari moja, mstari mmoja: jina, watu wa kaya, mbwa, paka, kuku, amechanjwa lini. Siku ile mezani pangekuwa na mstari wa mbwa kwenye daftari, nisingehitaji ujasiri ambao sikuwa nao. Ningejaza tu mstari.

Kuhusu paka nitasema machache. Paka hafungwi kamba, akisikia ghasia anapotea. Atafutiwe kikapu cha ukindu chenye mfuniko wa kufunga, na kikapu hicho kianze kukaa ndani ya nyumba sasa hivi, kikiwa wazi, na kitambaa anachokilalia kiwe humo. Siku ya kuondoka ataingia mwenyewe. Ukisubiri maji yafike mlangoni ndipo umtie guniani, atakuchana mikono na atakimbilia darini.

Kuku ndio wataniumiza kichwa zaidi ya mbwa, na wataalamu wenzangu wanajua kwa nini. Kuku wa kaya hamsini ukiwachanganya uwanja mmoja umeitisha kideri, ule ugonjwa wa kuku unaosambaa haraka. Nimeona kijiji kikiwa na kuku wengi Ijumaa, na Jumatano iliyofuata watu wanafukia. Kwa hiyo kuku wakija kambini wakae kwenye matenga, kila kaya na tenga lake, na wasichanganywe hata kama majirani wamekubaliana. Lakini kinga ya kweli ni ya kabla. Chanjo ya kideri ni tone moja, kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko alionao mtu mmoja, ndiyo maana mtu mmoja akienda kununua anaona ni hasara. Nunueni kupitia balozi wenu, nyumba kumi kwa pamoja. Mkichanja mwezi huu, mvua zikichanganya kuku wenu watakuwa na kinga. Wasiochanjwa kuletwa kambini pamoja na waliochanjwa ni kuwaonea wote.

Ndugu Mtendaji, najua utaniuliza: je, haya yapo kisheria, au ni huruma ya mzee mstaafu? Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amkinge na njaa, kiu, maumivu na hofu. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyoweka kamati kuanzia taifa mpaka huku chini kwetu, na ndiyo iliyowakalisha nyinyi mbele yangu leo. Mtu atimizeje sheria ya kwanza, kama watu wa sheria ya pili wamemfungia geti? Kamati hii ina uwezo wa kuandika kwenye mpango wake mstari mmoja unaosema wanyama wa kaya wapokelewe pamoja na kaya. Mkiuandika leo kwenye muhtasari, kijana wa getini hatakuwa na mzigo wa kuamua peke yake. Nami simlaumu yule kijana. Alipewa amri ya mdomo, akaifuata, na hakuna mtu mzima aliyemsaidia.

Mkoa huu unajua kupokea watu. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia kwao waliposongamana Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu, kipindupindu kikiwa kimeingia, meli yetu ya Liemba iliwabeba safari baada ya safari mpaka mjini, na watu wa hapa wakatoa uji, wakatoa nguo. Hatukuwauliza wamebeba nini. Tukiweza kuwafanyia wageni hivyo, hatushindwi kumpokea jirani na mbwa wake.

Kuna mtu ataniuliza habari za yule bibi. Alikaa kwa mjukuu wake huku juu Mwandiga, na Watasema akakaa naye. Nilimwendea mwaka mmoja baadaye, nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akaniwekea kigoda, akaniambia hanikumbuki, alichokumbuka ni meza tu. Mbwa alikuwa amelala kwenye kizingiti, amezeeka, sikio lake lilelile lililochanika likisimama kila bibi alipokohoa. Nilimchanja siku ile, bure, na nilipoondoka bibi alinifungia mawese kwenye chupa ya maji, nami sikujua niyapokee kwa uso gani.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, nitakuwa chini ya mwembe ule mkubwa karibu na ofisi ya kata pamoja na afisa mifugo wetu wa sasa. Tutachanja mbwa na paka. Mlete na wadogo, hata vitoto vya mbwa. Mbwa mkali aje na mtu ambaye mbwa mwenyewe humwogopa, sio na mtoto aliyetumwa. Daftari nimeshalinunua kwa hela yangu, limepigwa mistari, hili hapa, na kamba za katani ziko kwenye gunia lile pembeni ya kiti cha Mwenyekiti. Mwenye mbwa asiye na kamba apite achukue moja kabla hajatoka, na aniambie jina lake na la mbwa nianze kuandika sasa hivi.